Boga la Mke wa Dobi

Dobi wa ua wetu huamka kabla ya wapangaji wote, na si kwa ajili ya nguo za watu. Nguo huwa zinamngoja juu ya meza tangu jana yake, na hazina haraka. Yeye hutoka na bakuli la maji, akachuchumaa mbele ya makopo yaliyopangwa chini ya ukuta, akachovya vidole na kunyunyizia miche michanga vilevile anavyonyunyizia shati kabla ya kulipiga pasi. Akimaliza ndipo anawasha mkaa. Ukimsalimia kabla hajamaliza, ataitikia kwa kichwa tu. Ukimsalimia baadaye atakuuliza mtoto ameamkaje na nyanya zimeamkaje, na atataka majibu ya vyote viwili.

Mimi nakaa mlango wa pili kutoka kwake. Wananiita Mama Kidoti, maana mwanangu ana doa jeusi shavuni. Ua wetu una vyumba vinavyotazamana, bomba moja katikati, na sakafu ya saruji ambayo jua likishaipiga huwezi kuikanyaga pekupeku. Udongo hakuna. Anayetaka kulima aulete mwenyewe kwa ndoo. Hata hivyo tunalima: dobi, mimi, Mama Pacha wa chumba cha pembeni, na dereva wa lori ambaye safarini hubeba saruji na nyumbani hubeba mbolea ya kuku. Tunalima katika makopo ya rangi, mabeseni yaliyopasuka, matairi, na sufuria moja isiyo na mpini ambayo Mama Pacha hadi leo anasema haikuwa imeharibika.

Asubuhi pale bombani ndipo mambo yote husemwa.

"Konokono wamenila tena," Mama Pacha atasema.

"Wewe mwenyewe?" dereva atauliza. "Mbona bado umebaki mwingi?"

"Mchicha wangu, mjinga wewe. Na pilipili zako vipi? Maua tu kila siku, kama harusi isiyo na bwana."

"Pilipili haitaki haraka. Muulize dobi."

Dobi hataki kuulizwa kitu mapema hivyo. Lakini akishakunywa chai atakuja polepole, ageuze jani, aangalie upande wa chini walikojificha vidukari, aseme, "Maji ya sabuni, jioni, jua likishashuka." Kisha anarudi kwenye pasi yake. Dereva hapendi kuambiwa, ila jioni utamwona na povu.

Zamani dobi hakuwa mtu wa mimea. Anasema mwenyewe, "Mimi nilijua pamba tu, tena ikishakuwa shati." Mwenye mkono wa kupanda alikuwa mkewe. Alipokuja kuishi hapa alifunga mbegu za maboga katika pindo la nguo, kutoka kwa mama yake. Si maboga haya makubwa ya sokoni. Ni madogo, ya kijani yenye michirizi myeupe, na ukilichemsha halitoi maji, linameguka kavu. Mimi niliwahi kuonjeshwa na yule mke wa dobi nikiwa na mimba ya Kidoti, wakati kila chakula kilikuwa kinanirudi. Boga lile halikurudi.

Yule mama alipofariki, watu walidhani makopo yatatupwa. Dobi alikaa ndani, pasi imepoa, nguo za wateja zikamngoja. Siku moja akatoka akaona majani ya boga yamelala chini. Akachota maji. Kesho yake akachota tena. "Yalikuwa yananitazama," aliniambia. "Ningefanya nini? Sikuwa najua kumwagilia, nikanyunyizia kama nguo. Yakakubali." Tangu siku hiyo, kila msimu anaweka mbegu za boga lililo zuri kuliko mengine, na msimu unaofuata anazipanda. Kitu kingine chochote cha makoponi mwake ukikitaka atakupa. Mbegu za boga lile hakumpa mtu. Hakukatalia kwa ubaya, alikuwa anasema tu, "Hizo ngoja kwanza," na sisi tulielewa.

Mwaka huu panya walizifikia kabla yake. Walitoboa mfuko wakala, wakaacha maganda. Dobi alihamisha kitanda, akapekua kila pembe, akapata mbegu chache zilizodondoka nyuma ya sanduku. Akazipanda zote. Mche mmoja tu ndio ulioota.

Basi huo mmea mmoja ulilelewa kuliko Kidoti wangu. Aliupanda katika nusu pipa mlangoni kwake, ukatambaa chini ya ukuta, ukapita dirisha lake, ukafika mlangoni kwangu, ukaelekea kwa Mama Pacha. Ulipotoa ua jike alilifunga kwa uzi wa kushonea vifungo tangu jioni, nyuki wasilitangulie na unga wa maua ya maboga ya watu wengine. Asubuhi akachuma ua dume la mmea uleule, akalifungua lile jike, akalipaka, akalifunga tena. Dereva alisimama anatazama na mswaki mdomoni.

"Dobi, siku hizi wewe ni mshenga."

"Nyamaza. Unaleta upepo."

Boga likashika. Lilikuwa limelala mbele ya mlango wangu, juu ya kipande cha suruali kuukuu alichokikunja vizuri ili saruji isilichome. Nikawa natoka nje kwa kuruka.

Hapo ndipo binti yake, anayekaa mji mwingine, akapiga simu kwamba amejifungua na anataka baba yake aje amwone mjukuu. Tulimpongeza dobi kwa makelele. Yeye alifurahi, halafu akaligeukia boga.

"Babu gani wewe?" Mama Pacha alimwambia. "Mjukuu anakungoja, wewe unatazama boga!"

"Mjukuu ana mama yake," dobi alisema. "Boga lina mimi tu."

Lakini alikwenda. Asubuhi ya safari alinikuta peke yangu bombani, amevaa shati lililonyooka hata likamfanya aonekane mgeni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, boga nakuachia wewe. Kila asubuhi maji kidogo. Usiwaambie hawa wawili. Mama Pacha atanuna, na dereva atajiona hafai."

"Sawa, Baba. Nenda salama. Nisalimie mjukuu."

Nikaona nimepewa heshima. Kila asubuhi nilimfunga Kidoti mgongoni, nikatia kopo langu la maji shinani, nikalifuta boga vumbi. Siku za kwanza mmea ulikuwa umesimama. Halafu nikaanza kuona majani yanalegea mchana. Nikasema ni jua. Yakawa yanalegea hata asubuhi, na yale ya karibu na shina yakageuka njano. Udongo ulikuwa umelowa, niliugusa, lakini jani likilala macho yako yanakuambia maji, na mkono unafuata macho. Nikaongeza kidogo.

Kisha ikatokea siku Kidoti alikataa kulala mchana. Nikatoka naye nje kumbembeleza, jua kali, ua mzima umefunga milango. Nikamkuta Mama Pacha ameinama kwenye pipa, anamimina maji ya kuoshea mchele, sufuria nzima.

"Mama Pacha! Unafanya nini?"

Alishtuka, sufuria ikagonga pipa. "Na wewe unafanya nini nje saa hizi?"

"Mimi ndiye niliyeachiwa hilo boga."

"Umeachiwa na nani? Nimeachiwa mimi! Dobi alinifuata hadi ndani. Akaniambia, Mama Kidoti ana mtoto mdogo, atasahau. Nisikwambie, usije ukavunjika moyo."

"Akaniambia nisikwambie wewe, utanuna."

"Mimi? Mimi nanuna?" Akanuna palepale.

Tukiwa hivyo, lango likafunguka. Ni dereva, amerudi mapema na jioni ana safari nyingine. Hakutuona, maana tulikuwa upande wenye kivuli. Alikwenda bombani, akajaza ndoo, akaja nayo hadi kwenye pipa anapiga mluzi.

"Weka chini," Mama Pacha alisema.

Dereva aliruka, maji yakamwagikia viatu. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaitazama ndoo kama si yake.

"Na wewe pia?" nikamuuliza.

"Dobi aliniambia wanawake wana kazi nyingi," alisema polepole. "Nisiwaambie, msije mkaona amewadharau."

"Ndoo nzima?"

"Mimi sijui kujaza nusu tangi."

Mama Pacha alikaa chini kwenye saruji na joto lake. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alisema.

"Mimi si nahodha, mimi dereva."

Hakuna aliyecheka. Wote tulikuwa tunatazama pipa. Nilipoingiza kidole kikazama hadi kwenye kiganja, na udongo ukatoa harufu, si harufu ya udongo. Dereva akakiri kwamba aliona majani yanageuka njano, akaongeza mbolea ya kuku, mbichi. Tuliinamisha pipa na maji meusi yakatiririka hadi bombani. Shina pale chini lilikuwa limekuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ukiligusa, ngozi inabaki kidoleni.

Dereva, ambaye sauti yake husikika lori likiwa bado barabarani, alisema kwa sauti ndogo, "Tumeliua."

Mimi nilikuwa nalitazama boga. Lilikuwa bado gumu, kijani, halijui kitu. Lakini lilikuwa changa. Likichumwa leo, mbegu zake zitakuwa maganda matupu, na baada ya hapo hakuna mbegu nyingine mahali popote tunapopajua. Niliwaza uso wa dobi akiingia langoni.

Mama Pacha ndiye aliyeinuka kwanza. Alifuata mmea kwa mkono, kutoka pipani, kupita dirisha la dobi, hadi kwangu. Alikuwa anapapasa yale mafundo, pale jani linapotokea. Karibu na mlango wangu alisimama. "Njoo uone," akaniita. Chini ya fundo moja, mahali ninapomwaga maji ya kumnawisha mtoto, palikuwa na kimzizi cheupe, kifupi, kinatafuta cha kushika juu ya saruji.

"Huu mmea ukipata udongo hapa, utakula hapa," alisema. "Lete makopo."

"Makopo gani? Yote yana vitu."

Mama Pacha alikwenda kwenye sufuria yake, akang'oa mchicha wote kwa mkupuo mmoja, akaileta na udongo wake uliokauka vizuri. Mimi nikatoa kopo la nyanya ambazo zilikuwa bado hazijazaa. Dereva alisimama mbele ya pilipili zake, na zilikuwa na maua mengi safari hii kuliko siku zote. Akazunguka. Akajikuna kichwa.

"Hata kopo lenye kitunguu halifai?" akauliza.

"Ni dogo."

Akafumba macho akang'oa.

Tukaweka vyombo vitatu chini ya mafundo, tukalaza kila fundo juu ya udongo, tukalifukia na kuliwekea jiwe dogo lisiinuke. Dereva akatoa kisu, anataka kulikata shina lililooza mara moja. Mama Pacha akamshika mkono. "Mtoto hakatwi kitovu kabla hajalia. Ngoja lishike kwanza. Bado linanyonya kidogo huko."

"Na maji?" nikauliza.

Tukatazamana. Hapo tulicheka, ingawa si sana. Tukakubaliana maji nitie mimi, kwa vidole, kama dobi, na mwingine yeyote akionekana na kopo karibu na ukuta ule ajulikane ni mwizi.

Dobi alirudi kabla hatujajua kama mizizi imeshika. Aliingia langoni na begi begani na picha ya mjukuu mkononi, tayari kuionyesha. Akaona pipa limeinamishwa upande, udongo wake mweusi. Aliweka begi chini. Picha akaiingiza mfukoni.

Mimi na Mama Pacha tulikuwa tunafua. Dereva alikuwa anatengeneza redio. Hakuna aliyeendelea na kazi yake na hakuna aliyeiacha.

"Nani alitia maji?" dobi aliuliza.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," Mama Pacha akasema.

"Mimi nilitia mengi zaidi," dereva akasema.

Dobi alichuchumaa kwenye shina akalibonyeza kwa vidole viwili, kama anavyobonyeza ukosi wa shati kujua kama una unyevu. Akafuata mmea hadi kwenye kopo la nyanya, hadi kwenye kopo la pilipili, hadi kwenye sufuria. Aliziona pilipili zenyewe zimelala kando, zimenyauka, maua yakiwa bado yamo. Akamtazama dereva kwa muda. Halafu akaingia ndani akafunga mlango, na pasi haikuwashwa.

Mama Pacha alininong'oneza, "Ametukasirikia."

"Ana haki."

"Ana haki gani? Yeye ndiye aliyetuficha ficha kama wake wenza!"

Asubuhi yake alitoka bila bakuli. Alikaa kwenye kizingiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanyoosha mikono, Kidoti akamwendea.

"Marehemu alipokuwa anasafiri," alisema, bila kumtazama mtu, "alikuwa ananiachia mimi. Na mimi nilikuwa nasahau. Nikisikia yuko njiani anarudi, namwaga ndoo nzima. Kwa hiyo nilijua mtu mmoja hatoshi." Akamweka Kidoti vizuri pajani. "Sikujua ninyi hamsahau."

Dereva alikohoa akaenda zake chooni.

Dobi alimrudisha Kidoti mikononi mwangu. Akaliinamia fundo la kwanza, akalishika shina pembeni yake na kulivuta kidogo, kwa ncha za vidole. Likaja juu na jiwe lake. Halikuwa limeshika. Akaenda la pili, kwenye udongo wa pilipili. Nalo likalegea. La tatu lilikuwa kwenye sufuria ya Mama Pacha, karibu kabisa na boga. Akavuta, likakataa. Akavuta tena, sufuria ikasogea.

"Aa," alisema.

Akaingia ndani akatoka na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Alikata upande wa shina linalotoka pipani, na mimi niligeuza uso kama ninavyofanya mtoto anapochomwa sindano. Mchana ule majani yalilala yote. Hakuna aliyethubutu kuleta maji. Dereva alisema sasa limekufa kweli, Mama Pacha akamwambia akaendeshe lori. Jua lilipotua yalikuwa bado yamelala. Asubuhi nilifungua mlango kwa woga, nikakuta yameinuka, si yote, yale ya karibu na boga tu, yamejaa kama masikio.

Tangu hapo dobi akawa mtu wa mlangoni kwangu. Boga lilikuwa haliwezi kuhamishwa, basi alihamia yeye. Aliburuta meza ya pasi ikawa kati ya mlango wake na wangu, akawa anapiga pasi huku analitazama, na sisi tukapita kwa ubavu. Ile picha ya mjukuu aliibandika ukutani juu ya meza, moshi wa mkaa ukawa unaipitia. Wateja walikuja wakamkosa mlangoni kwake wakamkuta kwangu, na mmoja aliniuliza kama nimeolewa upya.

Boga halikukua tena sana. Lakini liligeuka rangi, michirizi ikawa dhahiri, na kikonyo kikaanza kukauka. Dobi alilipiga kwa ukucha kila siku, anasikiliza. Siku kikonyo kilipokuwa kigumu kama kizibo, alilichuma, akaliacha ndani lipumzike, akatuzuia kabisa kuligusa. Dereva alimwomba alipasue kabla hajaondoka safari. Dobi akasema boga halina ratiba ya lori.

Alilipasua mbele yetu, dereva akiwa amerudi. Nyama yake ilikuwa ya njano, nyembamba. Alizitoa mbegu kwa mkono, akaziosha ute, akachukua lile bakuli lake la kunyunyizia, akalijaza maji na kuzimwaga humo. Mbegu tupu huelea, iliyo na kitu huzama. Hilo kila mmoja wetu alilijua, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Zilielea. Zote zilijaa juu, nyeupe, zinazungukana. Mama Pacha aliweka mkono mdomoni. Dobi aliingiza kidole akakoroga taratibu, na chache zikaachana na zile nyingine zikateremka. Tulisubiri. Nyingine moja ikafuata, imechelewa. Dobi alizikusanya zile za juu akazitupa, akamwaga maji kwa uangalifu, akabaki anazitazama zilizokaa chini ya bakuli.

"Zinatosha?" nikamuuliza.

"Hata moja ingetosha."

Alizikausha kivulini juu ya shuka la mteja, shuka lililofuliwa upya baadaye. Zilipokauka hakuzifunga kwenye mfuko. Alisema panya hawatazipata mara ya pili, bora ziwe ardhini. Tulilisafisha pipa, tukatoboa matundu mapya kwa msumari wa moto, tukaliinua juu ya mawe maji yapate pa kutokea, tukatia udongo mpya ambao dereva aliuleta kwa lori, na bila mbolea ya kuku, maana tulimkagua. Dobi akazipanda, akasimama, akafuta mikono kwenye bukta.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Nasema mbele ya wote. Mimi nikiwa sipo, maji anatia Mama Kidoti. Wengine ni kutazama tu."

"Kutazama si kazi," dereva alisema.

"Kwako ndiyo ngumu kuliko zote," Mama Pacha akamjibu.

Dobi alichovya vidole akanyunyiza mara moja, kidogo sana, udongo ukabadilika rangi juu tu. Dereva alikuwa ameinama, shingo imenyooka, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, mmoja umeukamata mwenzake.